Baba, "Cherehani" Imepigwa Tena

Mwaka umetimia sasa, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi moja katika wodi ya wanaume, muda mfupi baada ya kumlalamikia muuguzi kwamba mashine ya mgonjwa wa kitanda cha pili inalia chini kidogo ya nota yake. Muuguzi alicheka. Ukamwambia, "Sikuchekeshi, mwanangu. Sikiliza vizuri." Akasikiliza. Hatujui alisikia nini, lakini tulipokwenda kuchukua vitu vyako alitwambia kwamba tangu siku ile mashine hiyo inamkera.

Ndivyo ulivyokuwa. Kila uliyekaa naye ulimwachia masikio yanayokereka.

Mhariri wa gazeti lako ametupa nafasi ya safu yako ili tuandike kumbukumbu hii. Alisema, "Andikeni, ila msinizidishie maneno. Mzee wenu kila wiki nilikuwa napigana naye kumpunguza." Tumemzidishia. Hatashangaa.

Ninaandika mimi, kitindamimba wako, kwa niaba ya nyumba nzima. Mama yuko chumba cha pili kwenye cherehani yake, mlango uko wazi, na kila aya nikiimaliza namsomea kwa sauti. Cherehani ikisimama, najua nimekosea. Utaratibu huu uliuanzisha wewe.

Wapo watakaosoma hapa ambao hawakukujua, kwa hiyo utuvumilie tukieleza mambo unayoyajua.

Ulikuwa mtunzi wa muziki. Hukutunga nyimbo za dansi wala za kampeni. Uliandika muziki wa okestra, wa fidla na selo na filimbi, nota kwa nota, kwa penseli, juu ya meza ya kulia chakula, nasi tukala tumepakata sahani. Majirani walishindwa kuielewa kazi yako. "Anaimba?" Haimbi. "Anapiga ala gani?" Piano, kidogo, tena vibaya. "Sasa ni mwanamuziki wa wapi huyo?" Jirani wa ng'ambo ya ukuta aliposikia kwamba wewe ni mtu wa muziki, alikuletea redio yake iliyoharibika. Hukumrudisha. Uliifungua, ukaipuliza vumbi, ukaifunga, ukabaki na skrubu moja mkononi, na redio haijasema neno hadi leo. Mkaendelea kuwa marafiki.

Na bado ni redio, zile nzima za watu wengine, zilizokupa wasikilizaji wengi kuliko ukumbi wowote. Kile kipande kifupi cha tarumbeta kinachopigwa kabla ya taarifa ya habari kilikuwa chako. Ulikiandika ukisubiri maji ya chai yachemke. Watoto wa mtaa walikiimba wakicheza mpira, wasijue kwamba mwenyewe ndiye yule anayepita na mkate kwapani. Tulipokwambia, "Baba, waambie ni chako," ulijibu, "Ili iweje? Wataanza kunilaumu kwa habari zenyewe."

Ulifundisha muziki chuo cha ualimu mpaka ukastaafu. Mwalimu mmoja uliyemfundisha alikuandikia kwamba shule aliyopangiwa ina piano, lakini vibonye kadhaa vimekufa, watoto wanaimba bila kuongozwa. Wenzako chuoni walimcheka. Wewe ulimwuliza ni vipi vilivyokufa. Kisha ukamtungia wimbo unaopita kandokando ya vibonye hivyo bila kuvigusa, kama mtu anayejua ubao upi wa sakafu unalia. Piano ile haijatengenezwa, Baba, na wimbo bado unafaa.

Halafu ulikuwa mhakiki. Kila wiki, kwenye ukurasa huu, uliandika kuhusu muziki uliopigwa katika ukumbi wa mji. Wapigaji walikuita Mzee wa Mlangoni, kwa kuwa ulikaa kiti cha mwisho kabisa, kando ya mlango, ili muziki ukiisha utoke bila kupeana mkono na mtu. Hukula na mpigaji, hukupanda gari lake, hukupokea kwake hata soda. "Nikishakunywa soda ya mtu," ulisema, "siku ya kumwambia ukweli nitaisikia ikipanda puani."

Mpiga tarumbeta mmoja alikusimamisha sokoni, watu wamejaa. "Mzee wa Mlangoni! Wiki iliyopita umeniua gazetini."

"Sijakuua. Ulikuwa umelala, nimekuamsha."

"Umeniamsha kwa rungu!"

"Kwa upole nilijaribu mwaka jana. Hukugeuka hata ubavu."

Wauza nyanya walicheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Siku ya mazishi yako alikuja na tarumbeta yake, akasimama mbali na watu, akapiga kile kipande cha taarifa ya habari, polepole, tusikitambue mpaka alipofika katikati. Alipiga vizuri. Tunakuandikia hilo kwa sababu ungependa kujua.

Walikuwapo wasomi wenzako walioshikilia kwamba muziki wa namna yako hauzungumziki kwa Kiswahili, kwamba maneno hayatoshi. Hilo lilikupandisha mori. "Lugha inayoweza kumsema jirani kuanzia utosini mpaka ukucha wa dole gumba," ulisema, "itashindwa na fidla?" Ukaandika kwa Kiswahili tangu makala ya kwanza hadi ya mwisho, na msomaji ambaye hajawahi kuona selo kwa macho alikuelewa. Nilipopata stashahada yangu ya lugha ulifurahi kuliko mimi, na baadaye nikagundua sababu. Ulikuwa umejipatia kamusi isiyokwenda likizo. "Haya, msomi, nipe neno. Nota imeshapigwa, upinde umeshaondoka kwenye uzi, lakini sauti bado imo chumbani." Nikasema inafifia. "Kufifia ni kwa taa." Nikasema inavuma. "Kuvuma ni kwa upepo na kwa mabingwa wa ngumi." Nikachoka, nikasema, Baba, sema tu inachelewa kuondoka. Ukapiga meza kwa kiganja. "Hapo! Kumbe shule ile haikuwa hasara."

Lakini kamusi yako ya kwanza hakuwa mimi, alikuwa Mama. Mama ni mshonaji, na kila makala uliyoandika ulimsomea akiwa kazini. Ulisimama kwenye kizingiti, miwani puani, ukasoma, naye akakanyaga. Sentensi ikieleweka, cherehani iliendelea. Sentensi ikiwa na kona nyingi, mguu wake ulisimama, akauliza, "Unasemaje hapo?" Ukarudi mezani, ukaandika upya. Mhariri alidhani una kipaji. Ulikuwa na mke mwenye kazi zake, asiye na muda wa kusikiliza mara mbili.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Baba, "Cherehani" imepigwa tena. Uliagiza isipigwe. Imepigwa, na hapa tunakupa taarifa kamili, tangu mwanzo wake, ili usije ukasikia kwa watu.

Uliiandika nikiwa sijaanza shule. Ni muziki wa ala za nyuzi peke yake, sehemu tatu, na chini ya sehemu zote tatu selo, zile fidla kubwa za sauti nzito, zinakwenda kwa mdundo mmoja, ule wa mguu wa Mama ukikanyaga huku wewe ukiandika na yeye akishona sare za shule za watoto wa mji mzima. Juu ya ukurasa wa kwanza uliandika, "Kwa mwenye cherehani." Mahali ambapo watunzi huandika kasi ya muziki, uliandika, "Kwa mwendo wake."

Ilipigwa Jumapili mchana. Mama alivaa gauni la buluu alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo, jambo ambalo halikuwa la kawaida, maana mshonaji hupata nafasi ya kujishonea watu wote wakishavaa. Alikaa mstari wa mbele. Wewe ulikaa kiti chako cha mlangoni, kama vile muziki ni wa mtu mwingine.

Kesho yake mhariri alipiga simu. "Nani ataandika juu ya onyesho la jana? Sina mtu mwingine."

"Nitaandika mimi."

"Wewe? Si kazi yako mwenyewe?"

"Ndiyo maana nimeisikiliza kwa makini."

Ukaandika. Sehemu ya kwanza uliisifu kidogo, ya pili ukaisifu kidogo zaidi. Kisha ukaandika hivi: "Sehemu ya tatu ni mgeni aliyekwisha kuaga, akafika mlangoni, akaanza hadithi mpya. Mtunzi hakujua pa kuishia. Isipigwe tena mpaka aipunguze." Ukasimama kwenye kizingiti, ukamsomea Mama, yote, mpaka nukta. Cherehani haikusimama hata mara moja. Ukajua kwamba kila sentensi imeeleweka na kwamba mwenye zawadi amekubali. Ukaipeleka.

"Cherehani" ilikuwa irudiwe wiki iliyofuata. Meneja wa ukumbi aliiondoa. "Kama mwenyewe anasema haifai," alisema, "mimi nani nimbishie?" Nawe hukulalamika. Ulisema haki ni haki, na ukaonekana kama mtu aliyeshinda kesi. Karatasi zile ukaziweka kabatini, chini ya vitambaa vya meza. Kila mara uliponawa mikono baada ya kazi nyingine ulizitoa, ukakata sehemu ya tatu kwa penseli, ukaizungukia meza ukinong'ona, ukafuta penseli, ukarudisha ulichokata. Ulifuta sana. Kuna ukurasa pale ambao ukiuinua dirishani unaona jirani akianika nguo.

Mama hakusema kitu. Tukakua tukiamini kwamba hana la kusema.

Baada ya msiba, tulipokuwa tunakunja mashati yako, nilimwuliza. Mama, ile siku Baba alipokusomea kuhusu "Cherehani," hukuona vibaya?

"Niliona vibaya sana."

Mbona basi hukusimamisha mguu?

Alikunja shati likaisha, akachukua jingine. "Ningeuinua mguu ule, ningelia. Ningelia, asingepeleka makala. Na asingepeleka, asingekuwa baba yenu tena, angekuwa mtu anayeogopa mkewe. Nikakanyaga. Nilishona mkono wa kulia wa sare mahali pa mkono wa kushoto, ikabidi niufumue."

Kwa hiyo, Baba, hiyo ndiyo taarifa ya kwanza. Siku ile hakukubaliana nawe. Miaka yote ile ulisoma mguu wake sawasawa, siku hiyo moja ukausoma vibaya.

Akasema pia, "Nilikisikia kitu changu mara moja tu. Na nilipokuwa nakisikia sikujua kwamba sitakisikia tena. Ningejua, nisingekuwa nahangaika na pindo la gauni." Kisha akasema anataka kukisikia tena, wakati magoti yake bado yanakubali ngazi za ukumbi ule. Magoti unayajua. Daktari ameshatwambia yasitegemewe muda mrefu.

Miezi ikapita. Mwanamke anayeongoza okestra sasa alikuja nyumbani kutuomba kazi yako moja waipige kukukumbuka. Alipotaja tu, Mama akaenda kabatini, akainua vitambaa vya meza.

Siku ya kukubaliana tulikaa sebuleni. Alikuwapo kiongozi wa okestra; Baba Mdogo, mdogo wako, karani mstaafu wa mahakama; Kaka, fundi umeme, aliyejifanya anatengeneza swichi ili asiulizwe; na mwanafunzi wako wa mwisho, yule uliyempa jina la Binti Swali, ambaye mhariri amempa safu yako. Binti Swali alikaa karibu na mlango. Mama alimmiminia chai.

"Asante, Mama. Sinywi."

"Ina nini chai yangu?"

"Haina kitu, Mama. Nitakuja kuandika juu ya onyesho hili."

Mama akamtazama, akamtazama Kaka, akasema, "Kumbe amezaliwa mwingine." Akakinywa kikombe kile mwenyewe.

Baba Mdogo akaanza. "Shemeji, mimi nilikuwa wodini. Alinishika mkono, akaniambia, ile ya cherehani isipigwe mpaka ipunguzwe. Nilimsikia kwa masikio haya mawili. Mimi maisha yangu yote nimeandika kauli za watu, sijawahi kumwongezea mtu wala kumpunguzia."

Kiongozi wa okestra akapendekeza kwa upole. "Basi tuipunguze. Mwanafunzi wake yupo, anajua mkono wake."

"Pa kukata napaona," Binti Swali akasema. "Lakini nikikata, sitaweza tena kuandika makala juu yake. Na yeye mwenyewe alikata, akarudisha, akakata, akarudisha. Je, alikuwa anatafuta nini?"

"Maswali tena!" Baba Mdogo akasema. "Mtoto huyu hajibu, anauliza tu."

Mama aliweka kikombe chini. "Shemeji, siku ya harusi yangu ulinipa nini?"

"Mimi? Nilikupa... nilikupa pasi. Pasi ya mkaa, ile nzito."

"Ninayo mpaka leo. Sasa uje kesho uniambie umefikiri, umeona mpini wake mrefu, ulete msumeno uukate?"

"Shemeji, pasi na muziki wapi na wapi?"

"Vyote nilipewa. Huu umeandikwa juu kabisa ni wa nani. Nilipewa sehemu tatu. Sikupewa mbili na kipande."

"Na kauli ya kaka yangu tuitupe?"

"Hatuitupi. Ile ilikuwa kauli ya mhakiki, na tumeisikia, mji mzima uliisoma. Mimi sasa namtaka mtunzi. Wote wawili nililala nao kitanda kimoja, shemeji, nawajua kwa sauti."

Kaka aliangusha bisibisi. Mwisho Baba Mdogo akasema, "Haya. Mimi simo. Lakini nitakuja nikae, nisikilize, na ikiwa ndefu nitasema." Usimlaumu, Baba. Aliitetea kauli yako mpaka alipoishiwa, na huyo ndiye ndugu.

Ikabaki kazi ya kasi. Wapigaji walifungua karatasi zako wakakuta "Kwa mwendo wake," bila namba. Kiongozi aliyeipiga zamani alikwisha kufariki. Basi kiongozi wa sasa akarudi na mpiga selo wake wa kwanza, wakamwomba Mama akanyage.

"Nikanyage hewa?" Mama akauliza. Hawezi kukanyaga bila kushona, ni kama kumwambia mtu atafune asile. Akatafuta kitambaa, akaanza foronya. Mpiga selo alikaa kwenye kigoda karibu na kikanyagio, amefumba macho, anapiga paja kwa kidole. Walisikiliza upande mzima wa foronya. Kiongozi akaangalia karatasi, akahesabu, uso ukambadilika.

"Mama, samahani. Zamani ulikuwa unakanyaga hivihivi?"

"Zamani nilikuwa na magoti."

"Maana kwa mwendo huu..." Alipekua mpaka sehemu ya tatu. "Kwa mwendo huu itakuwa ndefu zaidi kuliko alivyoisikia yeye."

Mimi niliyekuwa mlangoni nilikufikiria, Baba, nikaona jinsi ambavyo ungeshika kichwa kwa mikono miwili.

"Tunaweza kukisia kasi ya zamani," mpiga selo akasema.

Mama aligeuza foronya, akapanga kona. "Ameandika mwendo wangu. Hakuandika mwendo wangu wa mwaka gani. Wangu ndio huu nilio nao." Akaendelea kukanyaga, nao wakaandika namba. Foronya ile alimpa mpiga selo. Baadaye tulimwona ameitandika chini ya selo yake ukumbini, isikwaruze sakafu.

Jumapili ya onyesho, Kaka alimshika Mama mkono wa kulia, mimi wa kushoto, tukapanda ngazi moja moja, tukipumzika kila alipotaka. Gauni la buluu lilikuwa limemzidi. Alilipunguza mwenyewe juma lile na hakutaka msaada. Pindo alilikagua nyumbani. "Leo sitaliangalia," alisema. Tulikaa mstari wa mbele. Baba Mdogo alikaa pembeni yetu, mikono kifuani, kama anayesubiri shauri liitwe. Nyuma kabisa, kwenye kiti chako, alikaa Binti Swali.

Sehemu ya kwanza ilikwenda. Ya pili ikaenda, na mpiga fidla mmoja aliingia mapema kidogo, tunajua ungetaja. Kisha ikaja ya tatu.

Sisi si wahakiki, kwa hiyo tutasema tulichokiona. Selo zilianza kukanyaga. Fidla zikaja juu yake, zikaonekana kumaliza, zikarudi. Zikaonekana kumaliza tena. Nyuma yetu mtu alianza kupiga makofi, akajizuia kwa aibu. Baba Mdogo alitazama saa yake. Fidla zikarudi. Alitazama saa mara nyingine, kisha akaifunika kwa kiganja cha mkono wa pili, na hakukiondoa tena. Mguu wa Mama, chini ya gauni la buluu, ulikuwa unakanyaga sakafu ya ukumbi pamoja na selo, bila kupishana. Hakulia. Alikuwa na uso wake wa kazini, ule wa kupima kitambaa cha mteja ambaye yeye anajua atakuja kukichukua. Muziki ulipokwisha, sauti ilichelewa kuondoka.

Nje, Mama aligeuka akamtafuta Binti Swali, lakini kiti cha mlangoni kilikuwa kimekwisha kuwa kitupu. "Hata salamu hakunipa."

"Ndiyo kazi yake, Mama."

"Najua kazi yake. Najua na aliyemfundisha." Alisema hivyo akiwa ameridhika kabisa.

Na Baba Mdogo, tuliyemsubiri aseme, alishuka ngazi zote bila neno. Chini kabisa akasema, "Shemeji, ile pasi bado inashika moto?" Akaambiwa inashika. "Vizuri," akasema, akaenda zake.

Makala ilitoka siku tatu baadaye, ukurasa huu huu. Nilisimama kwenye kizingiti chako, nikamsomea Mama. Alikuwa anashona suruali ya mtu. Binti Swali aliisifu sehemu ya kwanza kidogo, ya pili kidogo zaidi, na yule wa fidla alimtaja. Kisha nikafika hapa: "Sehemu ya tatu ni ndefu. Mtunzi mwenyewe alilisema hilo kabla yetu sote, na alisema kweli."

Cherehani ikasimama.

Ilisimama, Baba. Mguu uliinuka ukakaa hewani. Kaka alitoka chumbani kuja kuona kuna nini. Nilishusha gazeti nikangoja.

"Ni kweli," Mama akasema. "Ni ndefu. Baba yako aliona sawasawa, na huyu mtoto ameona sawasawa." Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Na mimi pale nilitaka iendelee."

Akaniuliza kama makala imekwisha. Nikamwambia imebaki aya moja. Akarudisha mguu, akasema, "Basi soma."

Hiyo ndiyo taarifa yetu. Mhakiki wako alikuwa na haki, na mtunzi wako pia, na aliyewajua wote wawili ameshasema neno lake. Karatasi zako zimerudi kabatini, ila sasa ziko juu ya vitambaa vya meza. Kiongozi wa okestra anataka kuipiga tena mwakani. Tumemwambia aje kwanza apime mwendo upya.

Unakumbukwa na mkeo, mwenye cherehani. Na mwanao mkubwa, fundi umeme, ambaye naye ameshindwa na redio ya jirani. Na mdogo wako, aliyeifikisha kauli yako kama ulivyoisema. Na wajukuu wako, wanaoimba habari kabla ya habari. Na Binti Swali, ambaye bado hajanywa chai yetu. Nami kitindamimba wako, ninayekutafutia maneno.

Nimemsomea Mama yote haya tangu juu. Hajasimama. Safari hii nilimwuliza kama amekubali, akasema amekubali.

Kukukumbuka tunaendelea, Baba, kwa mwendo wetu.